Ukuta Aliojenga Valence

Jumapili hiyo Valence alifika Peramiho akiwa na simenti kwenye mikunjo ya vidole, ingawa alikuwa ameoga na kuvaa shati lake la kwendea kanisani. Suzana aliiona alipompa mkono. Alimkaribisha kwenye benchi mbele ya nyumba ya kaka yake, Saimon, wakakaa kama walivyokaa kila Jumapili baada ya misa, yeye upande huu, mumewe upande ule, na katikati yao sahani ya karanga.

Watu waliopita njiani wakielekea hospitali waliwasalimia kwa tabasamu. Mgeni angedhani ni wachumba. Kumbe walikuwa mtu na mkewe, walifunga ndoa katika kanisa lile lile lililokuwa limetoka kupiga kengele, na hakuna aliyemwacha mwenzake. Kilichowatenganisha ni nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa Majengo, Songea mjini. Aliijenga baba yake Valence, marehemu mzee Rupert, enzi za Mwingereza, kwa matofali ya kuchoma na mabati mazito ambayo hata sasa, mwaka tisini na nne, yalikuwa hayajatoboka. Ilikuwa nyumba imara, lakini ilikuwa ya baridi. Haikuwa na siling. Kati ya ukuta na bati palikuwa na mwanya, na upepo wa mwezi wa sita na wa saba uliingia humo kama mwenye nyumba. Madirisha yalikuwa ya mbao tupu. Ukiyafunga unakaa gizani, ukiyafungua unatetemeka. Kwa hiyo moto uliwashwa chumba cha katikati, juu ya mafiga, tangu asubuhi mpaka watu walale, na moshi ukajitafutia njia wenyewe. Mama yake Valence, Mama Kunegunda, alikuwa ameuzoea. Valence alizaliwa humo, naye aliuzoea. Suzana alikuwa na pumu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alikohoa. Mwaka uliofuata alikohoa zaidi. Kipupwe cha tatu pumzi ilikataa kabisa, na Saimon, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja mjini kuuza alizeti, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari na kumfikisha hospitali. Valence alikuwa Mpitimbi akinunua mahindi. Daktari alisema maneno machache tu: huyu mama asirudi kwenye moshi.

Tangu hapo Suzana aliishi kwa kaka yake, akishona nguo za watu barazani kwa cherehani yake, na Valence akawa mume wa Jumapili. Aliwahi kumwomba mama yake wahamie nyumba ya kupanga. Mama Kunegunda akasema hatoki katika nyumba aliyofia mume wake. Aliwahi kumwomba moto uhamishiwe nje, akajibiwa kwamba kumbe huko nje kwenye baridi ndiko anakotaka mama yake akafie. Shangazi zake walimshauri amsahau mwanamke mgonjwa, wakamtajia binti mmoja wa kijijini mwenye kifua kizima. Valence hakuwajibu. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kila mtu alipoona amenyamaza aliamini wamekubaliana.

Lakini alikuwa hajakaa bure. Kazi yake ya zamani katika chama cha ushirika ilikwisha pale watu binafsi waliporuhusiwa kununua mazao, naye akaingia huko huko kwenye kununua mahindi, na faida yote aliyoipata aliipeleka kwenye nyumba.

"Imekwisha," alimwambia Suzana siku hiyo, akiangalia karanga. "Nimeongeza upande mzima. Hakuna baridi, hakuna moshi. Nataka uje uione."

Suzana alimwangalia usoni kwa muda. Mumewe alikuwa amekonda. Chini ya macho palikuwa na weusi wa mtu anayefanya kazi mbili.

"Uliniambia unaziba nyufa," alisema.

"Nilianza na nyufa."

Saimon alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alikuja akakaa juu ya kinu kilicholazwa chini, mbele yao, na akasema bila ukali kwamba hana ugomvi na shemeji yake. Alisema anamheshimu kwa kuja kila Jumapili, maana wanaume wengine wangekuwa wameshachoka. Kisha akasema lile alilokuja kulisema.

"Mimi ndiye niliyembeba, shemeji. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Kuna kitu mtu akikiona hawezi kukisahau kwa sababu ameambiwa kuna siling."

Valence alikubali kwa kichwa. Alisema hamwombi arudi, anamwomba aje aone tu. Wakakubaliana kwamba Suzana ataenda Jumanne asubuhi, na Saimon, ambaye angekuwa na shughuli zake mjini, atampitia alasiri warudi wote.

Jumanne ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Suzana alivaa sweta mbili za mitumba, moja juu ya nyingine, na kitenge juu yake. Valence alimpokea stendi. Walitembea mpaka Majengo wakipita mbele ya maduka mapya yaliyojaa simenti, misumari na makopo ya rangi, vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kibali na kwa kujuana. Hawakushikana mikono, lakini kila mmoja alipunguza au kuongeza hatua ili awe sambamba na mwenzake.

Ukiwa barabarani nyumba ilionekana ile ile. Ilibidi uzunguke, upande wa kaskazini, ndipo uone chumba kikubwa na jiko vilivyoungwa kwenye ukuta wa zamani, vimepigwa lipu na kupakwa chokaa. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye bomba lililochomoza juu ya bati. Suzana alisimama alipouona.

"Ule unatoka nje," Valence alisema. "Wote unatoka nje. Njoo."

Alimwonyesha kitu kimoja kimoja. Alimwambia juu ya mbao za siling kuna pumba za mpunga zilizochanganywa na udongo mkavu, ili joto lisipande likapotelea kwenye mabati. Mwanya wa chini ya bati umezibwa pande zote. Madirisha yana vioo kwa ndani na milango ya mbao kwa nje, jua likizama unafunga mbao. Yote yanatazama kaskazini kwa sababu miezi ya baridi jua hupitia huko, jambo ambalo aliliona kwenye majengo ya mapadri akalifikiria kwa muda mrefu. Jiko lilikuwa la matofali, refu kufikia kiunoni, lenye matundu mawili ya sufuria na mlango mdogo wa chuma wa kuingizia kuni. Fundi Daimu, mtu wa Tunduru aliyehamia Songea, alilijenga likiegemea ukuta wa chumba cha kulala ili joto lake lisipotee. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha mara moja kwenye mafiga, kwenye jiko hili unakwenda siku kadhaa.

Suzana alisikiliza akiwa amesimama kizingitini mwa jiko, mguu mmoja nje. Mwili wake ulikuwa umezoea kukimbia. Alisubiri ile harufu, na ule mkuno kooni unaokuja kabla ya kitu chenyewe. Kuni zilikuwa zinawaka mle ndani, alizisikia zikitatarika. Harufu haikuja. Akauingiza mguu wa pili.

Chumbani jua lilikuwa limelala juu ya sakafu, kipande kikubwa cha manjano kutoka dirishani mpaka kwenye miguu ya kitanda kipya. Valence aliweka kiganja ukutani, upande wa jiko, akamwambia naye aweke. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu kama wa mgongo wa mtu. Mikono yao ilikaa pale, karibu karibu, bila kugusana.

Baada ya kitambo Suzana alivua sweta ya kwanza. Kisha akavua ya pili, akaiweka kitandani. Valence alitazama mikono ya mkewe iliyokuwa wazi, akaitazama zaidi ya ilivyopasa, halafu akageukia dirisha kama mtu aliyekumbuka kukagua kioo. Suzana aliona alivyogeuka. Alitabasamu, akiutazama ukuta.

"Unapumua?" Valence aliuliza.

"Napumua."

"Vuta mpaka ndani kabisa."

Alivuta. Kifua kilikuwa kimya, hakikupiga mluzi wala kukwaruza.

"Unanipima kama daktari."

"Nakupima kila Jumapili. Nikifika pale kwa Saimon nasikiliza kifua chako kwanza, ndipo nasikia salamu."

Suzana aliuchukua mkono wake, akaanza kuitoa ile simenti kwenye mikunjo ya vidole kwa ukucha, kidole baada ya kidole, na Valence akamwachia. Walisimama hivyo kwenye jua. Kama angemwambia abaki wakati huo, angebaki. Baadaye Suzana alimwambia hivyo mwenyewe.

Lakini Valence hakusema, na Suzana akainua macho akaangalia chumba tena. Kulikuwa na mlango wa kwenda jikoni na mlango wa kutokea uani. Ukuta wa nne, ule wa zamani, ulikuwa mzima kutoka sakafuni mpaka siling, na katikati yake lipu ilikuwa na rangi tofauti kidogo, kwa umbo la mlango.

"Njia ya kwenda kwa Mama iko wapi?"

Valence aliutoa mkono wake polepole. Alisema ameiziba. Mama yake alikataa katakata kuachana na mafiga yake, na alikataa kuhamia upande mpya, kwa hiyo akaona amwachie upande wake kama ulivyo, na moto wake, na huku atengeneze kwa ajili yake Suzana. Ukuta ni wa tofali nzima na lipu pande mbili. Hakuna moshi unaoweza kupita.

"Kwa hiyo huko kwake hujagusa? Hakuna siling?"

"Hakutaka fundi aingie."

"Na anapita wapi akitaka kuja huku?"

"Anazunguka nje. Lakini haji."

Suzana alikaa kitandani, juu ya sweta zake.

"Kwa hiyo mimi nitakaa huku kwenye jua na joto," alisema, "na mama yako mzee atakaa kule kwenye baridi na moshi, na katikati yetu kuna tofali. Ndivyo ulivyopanga."

"Nimepanga upumue."

"Nimekuelewa. Nakuuliza kama ndivyo ulivyopanga."

Valence alisimama katikati ya chumba alichokijenga. Kwa kawaida hapo ndipo angenyamaza. Safari hii sauti yake ilitoka, na ilitoka kwa hasira ambayo hata yeye hakuitegemea. Alisema alikuwa na mambo mawili tu mbele yake, kumpoteza yeye au kumtoa mama yake katika nyumba ya baba yake, na hakuweza lolote kati ya hayo. Alisema kila mtu alikuwa anamwambia asichotaka, hakuna aliyemwambia anachotaka.

"Nikajenga ukuta," alisema. "Ungefanya nini wewe?"

"Ningeuliza."

"Nimuulize nani?"

"Mimi. Na yeye. Ulikuja kila Jumapili ukakaa na mimi kwenye benchi, ukala karanga, hukunitajia hata mara moja kwamba unamfungia mama yako upande wa pili. Ungenitajia ningekukataza. Nadhani ndiyo maana hukunitajia."

Valence aliutazama ule ukuta.

"Mimi sitaki kuitwa mwanamke aliyemziba mama mkwe wake kwa tofali," Suzana alisema, sasa kwa upole. "Nyumba ni nzuri, Valence. Sijawahi kuona mtu akimjengea mtu kitu kama hiki. Lakini siwezi kulala humu nikijua mwenzangu anatetemeka upande wa pili."

Alivaa sweta moja, akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka nyumba.

Mlango wa Mama Kunegunda ulikuwa wazi na moshi ulikuwa unatoka kwa juu. Suzana alisimama mbali, upande unaotoka upepo, akapiga hodi kwa sauti. Ilichukua muda. Kikongwe alitoka akiwa amevaa koti kuukuu la mumewe, macho mekundu, mkononi mwiko wa ugali. Alimwona ni nani, akabaki pale pale.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba." Aliufuta mwiko kwenye koti. "Umekuja kuangalia nyumba yako."

"Nimekuja kukuona wewe."

"Njia ya kuja kwangu imezibwa."

"Nimeona. Nimezunguka."

Mama Kunegunda alivuta kigoda, akakaa juani. Hakumkaribisha, lakini hakumfukuza, na Suzana akakaa chini kwenye mkeka uliokuwa umeanikwa mahindi pembeni. Ndipo yule mama akasema jambo ambalo kumbe alikuwa amelibeba tangu siku ile.

"Uliondoka kwangu bila kuaga."

"Niliondoka nimebebwa, Mama. Sikuwa na pumzi ya kuagia."

Mama Kunegunda alitazama mwiko. Akaeleza, kwa vipande vipande, kwamba siku ile alikuwa mtoni akifua. Aliporudi alikuta nyumba tupu, majirani wakamwambia mkwe wako kaondoka na kaka yake. Alisubiri arudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakurudi. Wakaanza kumwambia ni moshi wako uliomfukuza, kana kwamba yeye ni mchawi. Maisha yake yote amepika kwenye moshi, amelea watoto kwenye moshi, hakuna aliyemwambia ni kosa. Mwanawe akaleta fundi, wakapima, wakachimba, wakajenga, na siku moja akaamka akakuta mlango wake umekuwa ukuta.

Suzana alisema alimtumia salamu kila Jumapili.

"Valence alinipa," Mama Kunegunda alijibu. "Nilidhani anazitunga. Tangu mdogo, akitaka watu wapatane anatunga salamu."

Suzana alicheka bila kutaka, na yule mama akataka kucheka pia, lakini kikohozi kilimwahi. Alikohoa ameinamia magoti, na kati ya kikohozi na kikohozi Suzana aliusikia ule mluzi anaoujua kuliko mtu yeyote. Alisogea akamshika mgongo mpaka kikatulia.

"Kifua chako kinapiga filimbi, Mama."

"Uzee."

"Ni moshi. Njoo ukae kule kwenye jua, upate joto kidogo."

"Siingii kwa mlango wa nje kama mgeni katika nyumba ya mume wangu."

"Basi ukuta utatobolewa. Lakini ukitobolewa, moto wako hauwezi kukaa pale ulipo. Moshi utapita, na mimi nitabebwa tena."

"Na usipotobolewa?"

"Nitabaki Peramiho. Wewe utabaki hapa na moto wako. Valence atabaki katikati, akitunga salamu."

Mama Kunegunda alisema hajui kupika kwenye jiko la kusimama, mtu unapika huoni moto. Suzana akamwambia yeye anajua, na kwamba kazi yake itakuwa kukaa na kumwonyesha anavyokosea. Yule mama alimwangalia kwa pembe ya jicho. Kisha akainuka, akaingia ndani. Suzana alisikia sufuria ikiipuliwa na kuwekwa chini. Mama Kunegunda akatoka ameshika kijinga cha moto, akakididimiza kwenye mchanga wa uani mpaka kikazimika. Akarudi ndani, akatoka na kingine. Alifanya hivyo mpaka akamaliza vyote, bila haraka, na Suzana hakumsaidia kwa sababu hakuweza kuusogelea moshi ule, na kwa sababu aliona si kazi ya kusaidiwa.

"Mwambie mumeo atoboe," alisema alipomaliza.

Valence alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa uani. Suzana alipomwambia, alitaka kusimama, akakaa tena.

"Lipu ile ikivunjwa, vumbi litajaa nyumba nzima," alisema. "Huwezi kulala humu. Wala kesho."

"Najua."

"Nimejenga mwaka mzima ili ulale humu. Leo umefika, halafu nikufukuze kwa vumbi kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Nimesubiri kwa sababu ya moshi wa mama yako," Suzana alisema. "Nitasubiri kwa sababu ya mlango wake. Mlango haukawii kama moshi."

Aliinama akamshika shavu, mchana kweupe, uani, mbele ya mama yake na mbele ya jirani aliyekuwa anaanika nguo. Halafu akavuka barabara, akaenda kukaa kwenye baraza ya jirani mwingine, mbali na upepo, amejifunga kitenge mpaka puani.

Saimon alipokuja alasiri alimkuta pale. Ng'ambo, kutoka kwenye madirisha mapya, vumbi jeupe lilikuwa linatoka, na nyundo ilikuwa inasikika mpaka kule kwenye maduka. Saimon alisimama akasikiliza, akauliza kwa nini shemeji yake anabomoa alichokwisha kujenga. Suzana akamjibu kwamba anaweka mlango. Saimon alitaka kusema neno, lakini alimwangalia dada yake, akaona alivyokuwa anapumua na alivyokuwa anautazama ule ukuta, akaliacha.

Jumapili iliyofuata Valence alichelewa. Alifika Peramiho akiwa na sura ya mtu aliyeibiwa. Suzana alidhani kuna msiba. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kumweleza kwamba mlango ulitobolewa, vumbi likafagiliwa, na Mama Kunegunda akapita akaenda kukaa kwenye kile chumba cha jua, kujaribu tu. Alikaa mchana. Jioni akasema apumzike kidogo. Asubuhi akamwagiza Valence amletee godoro lake, na tangu siku hiyo hajatoka. Ameweka picha ya Bikira Maria juu ya kitanda kipya. Kikohozi kimepungua.

"Nimejaribu kumwambia kwamba kile ni chumba chako," Valence alisema. "Ananijibu kwamba wewe unajua, ndiye uliyemkaribisha."

Suzana alicheka mpaka akaegemea ukuta wa kaka yake, na Valence akabaki anamkodolea macho.

"Mwache," alisema alipoweza. "Mwache kabisa. Mtu wa umri wake ndiye anayehitaji jua."

"Na wewe?"

"Mimi niliolewa na wewe, Valence, sikuolewa na chumba. Piga siling upande wa pili. Toa mafiga, kwangua masizi, weka vioo. Tutakaa huko."

Valence aliitazama ile sahani ya karanga iliyokuwa katikati yao. Akaichukua, akaiweka chini, akasogea.

Kazi ya upande wa zamani ilikuwa ngumu kuliko ya kujenga upya. Masizi ya miaka mingi yalikuwa yameganda kwenye kenchi kama lami, na Fundi Daimu alisema hajawahi kuosha nyumba kabla ya kuijenga. Waliikwangua, wakaipaka chokaa mara mbili, wakamwaga pumba na udongo juu ya siling, wakatoboa dirisha lililotazama mashariki ili jua la asubuhi liingie. Saimon alikuja mwenyewe kupigilia mbao. Hakueleza kwa nini. Alikuwa akimaliza kona moja anasogeza pua, ananusa, anagonga mbao kwa ngumi, anahamia kona nyingine. Siku ya mwisho alimwambia Valence atamleta Suzana na cherehani yake pamoja, maana haoni sababu ya kuvileta kwa safari mbili.

Suzana alirudi Majengo baridi ikiwa bado haijaisha. Jioni hiyo alipika ugali na majani ya maboga kwenye jiko la matofali, Mama Kunegunda akiwa amekaa pembeni kwenye kigoda, akimwambia kuni ni nyingi, kisha ni chache, kisha mlango wa jiko afunge. Walikula wote watatu chumba cha katikati, pale palipokuwa na mafiga. Walipomaliza, yule mama aliaga, akapita kwenye mlango mpya, akaurudisha nyuma yake taratibu.

Wawili hao walibaki wakitazamana kama watu waliosahau njia. Valence alifunga milango ya mbao ya madirisha. Suzana alimwambia aje.

Asubuhi mwanga uliingia kwanza kwenye nyufa za mbao, halafu Valence akaamka akafungua, na jua likaingia lote. Nje majani yalikuwa meupe kwa umande. Alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda. Suzana alikuwa amefumbua macho, nywele zimevurugika, shavu lina alama ya mto. Upande wa pili mlango wa chuma wa jiko ulikuwa unafunguliwa na kufungwa.

"Umelalaje?" Valence alimuuliza.

Suzana alifikiri kwanza, kama mtu anayetafuta kitu kilichotokea usiku akakikosa.

"Nimelala," alisema.